Gaju Alisubiri Treni

Kama hujawahi kuona mtu mzima, mwenye wajukuu, akiharibikiwa akili kwa sababu ya sakafu, basi hukumjua Maduhu wa pale pembeni ya Makanyagio. Na wala haikuwa sakafu ya nyumba. Ilikuwa sakafu ya banda la ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hakuwepo.

Hebu tuanze vizuri. Mwaka 1993 ulikuja mradi wa ng'ombe wa maziwa. Msidhani kila mtu alipewa ng'ombe, wapi! Waliletwa mitamba sita wenye mimba, wakapewa kaya sita, na nyuma ya kila kaya ikapangwa kaya nyingine ya kusubiri. Ng'ombe akizaa jike, ndama anakwenda kwa anayesubiri. Akizaa dume, dume anauzwa, na anayesubiri anaambiwa pole, endelea kusubiri. Lakini hukusubiri ukiwa umekaa tu. Ulitakiwa kujenga banda kwa vipimo, sakafu ya simenti, paa la bati, hori la kulishia, na kupanda majani ya mabingobingo nusu eka. Simenti na bati walitoa wao. Na sharti la mwisho lilikuwa hili: banda likikaa miaka minne bila ng'ombe, jina lako linashushwa mkiani mwa orodha, nyuma ya kaya ishirini na mbili. Banda linabaki kwako, maana nani atakuja kung'oa sakafu?

Jina lililokuwa likisubiri ng'ombe wa Odeta, mmoja wa wale sita waliopewa, lilikuwa la Nyanzala, mke wa Maduhu. La Nyanzala, si la Maduhu. Mradi ulisema ng'ombe aandikwe kwa jina la mama wa nyumba. Maduhu, Msukuma mzima, kusikia hivyo alicheka mpaka akakohoa, akadhani mwandishi amekosea. Hakukosea.

Banda likaisha mwezi wa pili mwaka 1994. Na mwaka ule ule ng'ombe wa Odeta, jina lake Gaju, jike la rangi ya udongo lenye kiwele cha kupendeza, akazaa dume. Mwaka uliofuata, dume. Mwaka uliofuata tena, dume, tena kubwa kama limekuja kwa hasira. Nyanzala alikuwa anakwenda kumwangalia kila ndama akiwa na kamba mpya mkononi, na anarudi na kamba yake.

Sasa banda limekaa tupu, bati linang'aa, sakafu inateleza kwa usafi, na pembeni yake nyumba ya Maduhu ya nyasi inavuja kila kona. Ungefanyaje? Mwaka wa kwanza Maduhu aliingiza magunia ya mahindi. Baadaye akaingiza kiti. Siku moja mvua ilinyesha kitandani, akabeba kitanda. Nyanzala akagomba wiki nzima, halafu naye akabeba mto wake. Ndivyo walivyohamia. Kwenye hori zikakaa nguo. Sehemu ya kukamulia ikawa sebule, na Maduhu alitundika pale kalenda na kioo cha kunyolea. Kizimba cha ndama kilikuwa cha wageni. Pale ambapo ukuta uliishia kiunoni walining'iniza mikeka kuzuia upepo. Mkaguzi wa mradi akija, vitu vyote vinakimbizwa nyumbani kwenye nyasi, na Maduhu anasimama mlangoni mwa banda na uso wa mtu anayesubiri ng'ombe.

Lakini hakuwa anamsubiri. Maduhu alikuwa anaomba kimoyomoyo madume yaendelee. Asubuhi anaamka, anakanyaga simenti kwa miguu mitupu, inamburudisha mpaka utosini, anasema, "Aah, hii sasa ni nyumba." Ukimwuliza kwa nini hataki ng'ombe, angekuambia ni sakafu. Mwenyewe aliamini ni sakafu.

Mwaka 1997, mwezi wa tatu, ikabaki nafasi moja. Gaju akizaa dume safari hii, miaka minne inaisha na jina la Nyanzala linakwenda mkiani. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mradi, Mama Skolastika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akaitisha kikao. Kikao kikafanyika wapi? Ndani ya banda la Nyanzala, maana ndipo palipokuwa na sakafu. Kitanda kilisukumwa kwenye kizimba cha ndama. Maduhu akakaa juu yake, mwanamume pekee ukiacha bwana mifugo.

Bwana mifugo aliitwa Cletus, kijana mpole aliyekuwa akisukuma pikipiki mara nyingi kuliko kuipanda. Alitoka semina na karatasi zake mkononi.

"Mama zangu," alisema, "kuhusu jinsia ya ndama, ukweli ni kwamba ni nusu kwa nusu."

"Hatukukuita utuletee nusu," akasema Mama Skolastika. "Tunataka jike zima."

"Kuna mambo wataalamu wanayataja, lakini bado wanabishana."

"Waache wabishane huko kwao. Soma."

Cletus akasoma. Kwamba wapo wanaosema jike akipandishwa mapema, joto la kutaka dume likiwa ndiyo linaanza, huenda akapata jike, na akicheleweshwa huenda akapata dume. Kwamba ng'ombe aliyekonda huelekea kuzaa majike, na aliyenona madume. Kwamba dume la mbegu likiwa limechoka kwa kazi, huelekea kutoa majike. Kila mara alisema huenda, na kila mara akina mama walilitupa huenda lake dirishani.

"Kwa hiyo Gaju akondeshwe," akatamka Mama Skolastika.

"Akondeshwe nani?" Odeta akasimama. Alikuwa mama mtaratibu wa Katumba, aliyeolewa huku Makanyagio, na ng'ombe alimpenda kuliko shemeji zake. "Mimi nakamua lita nane! Nimkondeshe ili nikamue hewa?"

Walibishana mpaka jua likaingia mlangoni. Mwishowe Odeta akakubali kupunguza pumba kwa mwezi mmoja, kwa machozi. Ikaamuliwa pia kwamba dume la mradi, lililoitwa Mkurugenzi kwa jinsi lilivyokuwa linalala mchana, lifungwe mkokoteni na kusomba mchanga kila Gaju anapotarajiwa kuingia joto. Na akina mama wakaongeza ya kwao: asipige mtu kelele karibu na Gaju, na Gaju asifungwe akitazama machweo.

"Sasa nani atampeleka kwa dume?" akauliza mmoja. "Awe mtu anayejua ng'ombe, asimcheleweshe."

Vichwa vyote vikageuka kwenye kizimba cha ndama.

"Msukuma yupo hapa," akasema Mama Skolastika. "Mzee Maduhu, wewe umezaliwa na fimbo ya ng'ombe mkononi. Kazi ni yako."

Jamani! Fisi kakabidhiwa bucha, na kikao kizima kikapiga makofi. Nyanzala alimtazama mumewe kwa shukrani hata Maduhu akajikuta anakagua kucha zake.

Kazi aliianza Jumapili iliyofuata. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, Odeta mbele kabisa kwenye kwaya. Maduhu hakuwa amebatizwa, kwa hiyo Jumapili asubuhi dunia yote ilikuwa yake. Alikata mabingobingo ya mkewe mzigo mzima, akajaza ndoo pumba na maganda ya viazi, akatia chumvi, akaenda kwa Gaju. Kama wembamba unaleta jike, basi huyu angenenepa mpaka mlango umkatae.

Gaju alikula kama mtu asiyeamini bahati yake. Maduhu alikaa juu ya ndoo akamwangalia anavyotafuna. Aliona kupe sikioni, akamtoa. Akaona mwingine. Alipomaliza kupe wote kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa kutoka, ikabidi atimue mbio na ndoo kichwani.

Kila Jumatatu Cletus alimpima Gaju kifuani kwa utepe. Wiki ya kwanza utepe ulisema ameongezeka kilo nne. Wiki ya pili, tisa.

"Huyu ng'ombe anakula nini?" akafoka Mama Skolastika. "Anakula upepo?"

"Naapa kwa rozari," akasema Odeta. "Nampa nusu ya nusu. Hata mimi nashangaa, na maziwa yamepanda."

Wakapunguza tena. Gaju akaongezeka tena. Cletus aliandika kwenye daftari lake kwamba kuna ng'ombe wanaonenepa kwa kufunga, akapigia mstari. Nyanzala naye alikuwa anazunguka na panga kwenye mabingobingo yake, anatafuta mwizi anayekata Jumapili tu. "Mpagani huyo," alisema, "mtu wa dini angekuwa kanisani." Maduhu akakubaliana naye kabisa.

Lakini kuna jambo lilikuwa linamtokea Maduhu na yeye hakulitaka. Jumapili ya tatu alianza kumsemesha Gaju. Ya nne akamwimbia, zile nyimbo za kuchungia za kwao Maswa ambazo alidhani amezisahau. Alimtajia ng'ombe wake wa zamani kwa majina, mmoja mmoja: yule wa pembe zilizopinda, yule mweupe aliyekuwa akimfuata mpaka mlangoni. Walikuwa arobaini na watatu. Alishuka nao kutoka Maswa mwaka 1986, miezi mitatu njiani, akasikia huku Mpanda kuna majani hayana mwenyewe. Majani yalikuwepo kweli. Akawachunga upande wa Sitalike. Hakuna aliyemwambia kwa nini majani yale hayana mwenyewe, mpaka mbung'o walipowaambia ng'ombe. Ndani ya masika mawili hakubaki hata mmoja. Alichuna ngozi mpaka kisu kikaisha makali, akakinoa, akaendelea.

Tangu hapo hakuwa amegusa ng'ombe. Sasa anamkuna Gaju shingoni na machozi yanamtoka, mtu mzima, saa tatu asubuhi, huku kwaya inaimba aleluya.

Siku ya joto ikafika, katikati ya mwezi wa nne. Odeta alikuja mbio alfajiri. "Mzee Maduhu! Gaju anapanda kila kitu, amepanda hata mkokoteni wa jirani! Wahi!" Nyanzala akampa mumewe uji, akamfunga shuka begani kwa mkono wake mwenyewe. "Baba Kwandu," alisema, "nenda moja kwa moja. Usisimame popote." Kwa dume ni mwendo wa saa moja tu, na Mkurugenzi alikuwa anasomba mchanga tangu jogoo wa kwanza, ulimi nje.

Maduhu akashika njia ya stesheni, ambayo haiendi kwa dume kabisa. Mpango wake ulikuwa kuzungukazunguka mpaka joto likaribie kuisha. Lakini alipoweka fimbo mabegani na mikono juu yake, na Gaju akatangulia mbele anatikisa nyonga zake zilizonona, mgongo wa Maduhu ukanyooka wenyewe. Watu wakaanza kumsalimia. Si ile salamu ya kila siku, ya mzee wa nyumba inayovuja. Wauza maandazi walisimama. Wazee waliinua kofia. Maduhu akapita sokoni mara mbili, kwa bahati mbaya.

Pale stesheni watu walikuwa wanasubiri treni ya Kaliua, na treni ilikuwa imechelewa kama desturi yake. Maduhu naye akasubiri. Anasubiri nini, hana mgeni, hana mzigo? Alisubiri watu waliomo ndani wamwone. Saa nne, saa sita, saa nane. Gaju akawa anaramba nguzo ya taa. Treni ilipoingia, saa tisa na nusu, abiria mmoja alichomoza kichwa dirishani.

"Mzee! Ng'ombe mzuri huyo. Wako?"

"Wangu," akasema Maduhu, kwa sauti ya kusikika mpaka behewa la mwisho.

Alifika kwa dume jua linazama. Mtunza dume alikuwa amekata tamaa tangu asubuhi, amelifungua, na Mkurugenzi amelala mchana kutwa, amekula, ameamka mpya. Gaju alifungwa akitazama machweo, maana hakukuwa na upande mwingine wenye mti. Amechelewa, amenona, dume limepumzika, jua machoni. Hakuna sharti hata moja lililobaki salama.

"Alipandishwa saa ngapi?" Nyanzala aliuliza usiku ule.

"Saa mbili asubuhi," akasema Maduhu. "Nimechelewa kurudi kwa sababu ya mguu."

Nyanzala akauchua mguu ule kwa maji ya moto. Mguu wenyewe ulikuwa mzima.

Mimba ikashika. Na mwezi wa kumi na moja ikaanza mvua ile ambayo redio iliipa jina la El Nino. Ilinyesha kama kuna mtu amesahau kuifunga. Mwezi wa kumi na mbili nyumba ya nyasi ya Maduhu iliinama upande mmoja, ikakaa hivyo siku mbili kama inafikiri, kisha ikalala chini. Wakabaki na banda tu. Sasa sakafu haikuwa starehe tena, ilikuwa ndiyo makazi. Kwa akili ya kawaida Maduhu angezidi kuomba dume.

Lakini jioni moja, bati linapigwa na mvua, Nyanzala alikuwa anasuka kamba mpya, ya nne. Akasema bila kuinua macho, "Unajua, Baba Kwandu, nimekamua ng'ombe tangu nina miaka sita. Nimefagia mavi kwa baba, nikaja nikafagia kwako. Sijawahi hata siku moja kusema ng'ombe wangu." Akacheka kidogo. "Najizoeza. Jana nilisema peke yangu kisimani. Ng'ombe wangu. Nikaona aibu."

Maduhu alitazama bati. Akajua wazi kwamba amemfanyia mke wake uovu, na kwamba anataka yule ndama awe jike kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu wale arobaini na watatu.

Kesho yake alimfuata Cletus kwenye matope.

"Bwana mifugo, kama ndama yuko tumboni miezi minane, anaweza kubadilishwa?"

"Kubadilishwa nini?"

"Awe jike."

"Mzee wangu, hayo yaliamuliwa siku ile ile. Tena anayeamua ni mbegu ya dume."

Maduhu akaenda mpaka kwa Mkurugenzi, akasimama mbele yake mvuani. "Mheshimiwa," alimwambia, "kama kuna namna yoyote." Mkurugenzi akapiga mwayo. Toka hapo Maduhu alihamisha kitanda chake nje ya banda, chini ya turubai, akawa analala kwenye maji. Kwamba labda banda likikaa tayari, mambo yatajipanga. Nyanzala alimwambia amechanganyikiwa, na hakukosea.

Gaju alishikwa na uchungu katikati ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi. Kikundi kizima kilijazana kwa Odeta na miamvuli. Ikapita saa moja, zikatoka kwato mbili, kisha hakuna kitu. Gaju akalala chini, macho yanamgeuka. Cletus alikuwa anapekua karatasi zake. Maduhu akavua shati, akajipaka sabuni mpaka kwenye bega.

"Sogea, mwanangu," alisema.

Mkono wake ulikumbuka wenyewe. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia ubavuni. Alikisukuma nyuma, akakinyoosha, akafunga miguu kwa kamba ya Nyanzala, ile ya nne, akavuta kila Gaju aliposukuma. Ndama akatoka kwa mkupuo mmoja, wakaanguka wote wawili kwenye matope. Maduhu alimpangusa pua, akampulizia, akasubiri apumue. Kisha akainua mkia.

"Jike!" alipiga ukelele uliomshtua hata yeye. "Mama Kwandu! Jike!"

Weee! Miamvuli ikarushwa juu. Odeta akalia shingoni mwa Gaju. Mama Skolastika alimnyanyua Maduhu mzima mzima, matope yote. "Huyu ndiye mwanamume!" alinguruma. "Kafuata masharti moja baada ya jingine! Tutampeleka vijiji vyote akafundishe!" Wakapiga vigelegele, na Nyanzala amesimama katikati yao, ameshika ncha ya kamba, midomo inacheza bila sauti.

Maduhu hakuweza kuzipokea sifa hizo. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini ule mdomo wa mke wake ulikuwa unajizoeza maneno mawili, na yeye alijua ni yapi.

"Sikufuata," akasema. "Nilimlisha kila Jumapili mkiwa kanisani. Mabingobingo ni mimi niliyekata. Siku ya kupandishwa nilimpeleka stesheni, tukasubiri treni, akapandishwa jioni na dume limeshalala usingizi wake. Nilitaka dume. Nilitaka Nyanzala amkose ng'ombe, nibaki na banda."

Nyanzala aliangalia chini, akachukua kamba yake kwenye miguu ya ndama, akaondoka.

Mama Skolastika akamgeukia bwana mifugo. "Ngoja kwanza," alisema. "Cletus, unaandika? Kwa hiyo kumbe anenepeshwe. Na apandishwe jioni."

"Mama, nilisema ni nusu kwa—"

"Andika! Na treni uandike."

Na ikaandikwa hivyo. Kuanzia mwaka ule ng'ombe wote sita wa kikundi, wakiingia joto, walipelekwa stesheni kwanza kusubiri treni ya Kaliua. Siku treni isipokuja kwa sababu reli imesombwa na maji, hakuna anayepandishwa. Ndama waliozaliwa walikuwa majike watatu na madume watatu, na kikundi kikahitimisha kwamba wale wenye madume hawakusimama karibu vya kutosha na behewa.

Nyanzala hakumsemesha mumewe miezi minne, muda wote ndama yuko kwa Odeta ananyonya. Alikuwa anamsemesha Odeta huku Maduhu amekaa pale pale. "Mwambie chumvi imekwisha." Odeta anamgeukia Maduhu: "Shemeji, chumvi imekwisha." Maduhu akatumia muda ule kujenga upya nyumba. Safari hii aliezeka vizuri, nyasi nene, akapiga udongo sakafuni mpaka ukawa mgumu. Alitoa kalenda na kioo bandani. Alisafisha hori. Siku ya kumleta ndama, Nyanzala alimwongoza kwa kamba yake, kijiji kizima nyuma kinaimba, akamwingiza bandani. Watu walipoondoka, Maduhu alikuwa anapita na kitanda chake mgongoni kwenda kwenye nyumba ya nyasi.

"Unakwenda wapi?" akauliza Nyanzala. Ndilo neno la kwanza.

Maduhu akasimama, kitanda kikiwa mgongoni bado. "Mama Kwandu, haikuwa sakafu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ngozi. Nilichuna arobaini na tatu. Sikutaka kuchuna ya arobaini na nne."

"Na aliyekushikia miguu ukichuna alikuwa nani?"

Maduhu akashika kitanda vizuri mgongoni.

"Ni mimi," akasema Nyanzala. "Nilishika miguu mia moja sabini na miwili, Maduhu. Yote. Na bado nikaenda kuchimba mashimo ya mabingobingo. Unadhani mimi sikuogopa?"

Maduhu alishusha kitanda chini taratibu, akakaa juu yake palepale njiani, akalia. Nyanzala alimwacha alie. Kisha akaingia bandani, akatoka na mgwisho wa mkia wa ng'ombe, ule wa zamani waliokuja nao kutoka Maswa, akamtupia mapajani.

"Rudisha kitanda ndani," alisema. "Si ulilitaka banda? Utalala humo na ng'ombe wangu, umfukuzie mbung'o. Mimi nitalala kwenye nyumba."

Akarudisha. Kizimba cha wageni ikabidi kirudi kuwa cha ndama, na ndama usiku ule ule aliula mkeka.

Asubuhi Maduhu alikuwa amekaa mlangoni, miguu mitupu juu ya simenti, mgwisho unakwenda huku na huku, ndama ananyonya pindo la shuka lake. Mtu mmoja alikuwa anapita na baiskeli, si wa pale, akafunga breki.

"Mzee, ndama mzuri huyo. Wako?"

Nyanzala alikuwa nyuma ya ukuta, anaosha ndoo. Maji yakaacha kumwagika.

"Wa mke wangu," akasema Maduhu. "Mimi nimepanga tu."